Mia Moja na Hamsini ya Doris

Same, 1 Machi 1999. Jumatatu

Kuna sauti imekataa kunitoka tangu Ijumaa: ule mlio mdogo, mkavu, wa kitasa cha laptopu kikiachia. Tak. Mzee Hezroni, mwenye ofisi, aliiweka juu ya meza ya Doris, Doris akasukuma kidude kwa kidole gumba, tak, kifuniko kikainuka, na watu waliokuwa wanasubiri fotokopi wakasogea kutazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kufuta meza yangu. Niliifuta tangu nilipomwona mzee akishuka kwenye gari la Moshi na begi jeusi. Nilihamisha hata chupa ya gundi ili kuwe na nafasi.

Hakunitazama. Alipita mbele yangu na begi kama mtu anayepita mbele ya kabati.

Ofisi yetu ni chumba kimoja karibu na stendi. Tunachapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi, malalamiko ya watu kwenda wilayani. Wachapaji ni mimi na Doris. Mimi nilimaliza kidato cha sita, daraja la pili, nafasi ya chuo kikuu nikaikosa. Doris alimaliza cha nne akasoma uhazili mwaka mmoja Tanga. Yeye ni wa Maore, bondeni. Mimi ni wa Mbaga, juu. Kompyuta yangu ni ya mezani, Pentiamu ya mia moja thelathini na tatu. Namba hiyo ni kasi ya prosesa, yaani ubongo wake. Doris alipotoka kunywa chai nilikwenda kusoma kibandiko cha laptopu. Pentiamu, mia moja na hamsini.

Tofauti ni kumi na saba. Nimeiandika kwenye kiganja kwa kalamu, nikaifuta kwa mate.

3 Machi

Vumbi. Joto. Doris amemaliza kurasa zake kabla yangu tena.

6 Machi. Nyumbani, Mbaga

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, umepigiwa baragumu asubuhi. Kila nyumba imetoa mtu kwenda kuzoa tope kwenye ndiva kabla ya masika, nami nimekwenda kwa niaba ya nyumba yetu kwa sababu baba mgongo unamsumbua tangu walipompunguza kazi kwenye mkonge. Ndiva yetu ni bwawa la udongo, si kubwa. Kijito kinachoingia ni chembamba kama mkono wa mtoto. Lakini kinaingia usiku kucha, na asubuhi ikizibuliwa maji yanateremka kwa kishindo hadi shamba la mwisho.

Mama ameniuliza habari za kazini. Nimemweleza kuhusu laptopu.

"Huyo Doris," akasema, "anakula chumvi gani?"

"Anachapa haraka, mama."

"Na wewe?"

"Nachapa bila makosa."

Mama akaendelea kuchambua maharage ya makande. Najua kuchambua kwake. Ni kuchambua kwa mtu aliyeuza mbuzi ili mwanawe asome kidato cha sita.

11 Machi

Mzee Hezroni ametuita sote wawili mbele ya meza yake. Alikuwa karani wa mkonge kwa miaka mingi, na hata leo anavaa kaptula ya kaki na soksi ndefu kama vile meneja Mgiriki atapita kukagua.

"Kaeni, wanangu. Nafungua chumba kingine Mwanga mwezi wa tano. Kompyuta sita. Bwana Yahaya wa Moshi anazo za mezani na anazo laptopu, zote zimetumika Ulaya. Yeye anasema laptopu, kwa sababu namba yake ni kubwa na umeme ukikatika inaendelea kwa betri. Mimi sielewi. Mkonge tulipima kwa mzani. Haya madude nayapima kwa nini?"

"Kwa kazi, mzee," nikasema upesi.

"Basi yapimeni. Baada ya Pasaka mniambie. Na mmoja wenu atakwenda Mwanga kusimamia. Atapata chumba cha kuishi na mshahara wa msimamizi." Akamtazama Doris, akanitazama mimi. "Nitamjua wakati huo huo."

Doris akasema, "Ahsante mzee," akacheka kidogo, kama kawaida yake. Anacheka kama mtu aliyekwisha kuonja chakula akakuta kinafaa.

Mwanga! Chumba changu mwenyewe, mlango wenye kufuli. Hapa Same nalala na watoto wawili wa shangazi, na mmoja anakojoa kitandani. Ningeweza kumpelekea baba dawa ya mgongo bila kuomba mkopo. Nimekaa nikimtazama Doris anavyochapa. Vidole vyake havirudi nyuma. Mimi, kila baada ya aya, mkono unakwenda pembeni kusevu, yaani kuihifadhi kazi, kompyuta inasita, diski inakoroma, halafu naendelea. Yeye anatiririka tu. Mia moja na hamsini.

13 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha milimani, sisi huku chini tumepata harufu yake tu.

18 Machi

Tumepima!

Niliandaa jedwali la matokeo ya shule nne, majina kwa mamia, nikaweka amri ya kuyapanga upya na kupiga wastani mara kwa mara bila kukoma hadi imalize. Jedwali moja, amri moja, mashine mbili. Lakini saa ya ukutani haina mshale wa sekunde, ya mzee imo mkononi mwake na mkono umekwenda Hedaru, na saa ya ndani ya kompyuta yangu betri imekufa, inajiendea inavyotaka.

"Tutumie wimbo," Doris akasema.

"Wimbo?"

"Mama huchemsha mayai hivyo. Ule wa kuaga. Beti mbili kiini kibichi, beti nne kimekomaa. Kwenu hamfanyi?"

Sikuweza kumcheka, kwa sababu mama naye hufanya hivyo hivyo, kwa wimbo huo huo. Sote wawili ni Walutheri na tumo katika kwaya moja hapa mjini. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili.

Niliimbia kompyuta yangu Doris akiwa anahudumia watu wa fotokopi. Ikamaliza katika beti tatu na kiitikio. Halafu ikanibidi kupeleka karatasi shuleni, na Doris akaiimbia laptopu peke yake. Niliporudi alikuwa ameshika kidevu.

"Sita," akasema. "Nilikuwa nimeanza wa saba."

"Una hakika?"

"Nimeimba hadi yule mzee aliyeleta kitambulisho kutoa fotokopi akasema amina."

Beti tatu kwa beti sita! Mara mbili! Kibandiko ni uongo mtupu. Nilimwambia mzee jioni hiyo hiyo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kwa mujibu wa kipimo kompyuta ya mezani ndiyo yenye kasi. Akasema, "Umefanya vizuri, Nakunda." Nimerudi nyumbani kwa miguu, jua bado lipo, nikaona hata Same ni mji mzuri.

19 Machi

Nimeamka na wazo ambalo jana sikuliona.

Kama laptopu ni nzito kiasi hicho, na Doris bado ananitangulia kila siku, basi hakuna mia moja na hamsini. Kuna Doris.

Ningetaka laptopu iwe na kasi. Ningetaka iwe na mia mbili.

22 Machi

Ananipa andazi nusu kila saa nne. Sijui kama anajua kwamba linanikaba.

25 Machi. Baada ya mazoezi ya kwaya

Mwalimu Asheri, kiongozi wetu wa kwaya, alitupangia ule ule wimbo wa kuaga. Alituacha tuimbe ubeti mmoja, akapiga meza kwa penseli.

"Simama, simama. Doris! Unakimbizwa na nani? Maore mnaimba kama mnafukuza nyani mashambani. Na wewe Nakunda, huo ubeti unaupandisha Mbaga kwa miguu na gunia kichwani? Hamuwezi kuwa katika wimbo mmoja!"

Kwaya nzima ikacheka. Doris akacheka zaidi ya wote, akanipiga bega. Mimi nilikuwa nimekauka.

Wimbo wangu ni mrefu. Wimbo wake ni mfupi. Nilipima mashine yangu kwa beti zangu za mlimani, yeye akapima yake kwa beti za bondeni, nami nikampelekea mzee jibu.

Sijasikia neno jingine katika mazoezi. Nilifungua kinywa na kukifunga pamoja na wenzangu. Huenda mashine zinalingana. Huenda laptopu ndiyo ya haraka, na basi Doris ni mtu wa kawaida aliyepewa kitu kizuri, jambo ambalo linatokea kila siku na mtu anaweza kulivumilia. Nilitaka hilo kwa moyo wangu wote, ingawa lingeniumbua mbele ya mzee. Ndivyo nilivyo sasa. Niko tayari kuumbuka, mradi tu yeye asiwe bora.

30 Machi

Yahaya amekuja na gari la asubuhi, shati la maua, kalamu tatu mfukoni. Nilimwambia mzee mbele yao wote kwamba kipimo chetu kilikuwa na kasoro na kinahitaji kurudiwa. Nilipoeleza kasoro yenyewe, Yahaya alikaa chini karibu na meza ya fotokopi akicheka.

"Dada zangu! Mmepima prosesa kwa kwaya? Moshi nzima itanisikia leo."

"Cheka umalize," Doris akamwambia, "kisha useme wewe ungepima kwa nini. Kwa hizo kalamu?"

"Ziwekwe pamoja tu, mama. Zianze pamoja. Inayotangulia imetangulia. Mbio za mbuzi hazihitaji saa."

Haikunijia akilini. Kidato cha sita, na haikunijia akilini.

Mashine mbili zikawekwa bega kwa bega. Yahaya akaweka kidole kimoja huku na kimoja kule, akabonyeza. Tukangoja. Mzee alikuwa amesimama mikono nyuma kama anayekagua mavuno. Yangu ikamaliza. Tukaendelea kungoja laptopu. Si mara mbili, ila ilichelewa vya kutosha mtu kuvuta kiti na kukaa. Tukarudia. Ikawa vile vile.

"Muujiza," Yahaya akasema. "Yenye namba ndogo imeshinda."

Nilikwenda kwenye meza ya Doris, nikachukua kijitabu cha laptopu. Alikuwa anakiwekea kikombe cha chai juu yake, kina duara la kahawia. Nilisoma ukurasa wa vipimo hadi nikakuta mstari: kache ya nje, hakuna. Kompyuta yangu inapowaka huandika kwenye kioo kwamba inayo. Nimeuona mstari ule kila asubuhi kwa mwaka mzima bila kuuliza ni wa nini.

"Kache ni nini?" mzee akauliza.

Nikaona ndiva. Nikamwambia, "Mzee, prosesa ni shamba, linataka maji mara moja. Kumbukumbu ya kompyuta ni kijito, kiko mbali na ni chembamba. Kache ni ndiva katikati. Maji yamekwisha kukusanywa karibu, ukizibua yanafika. Laptopu hii ina shamba kubwa kidogo kuliko langu, lakini haina ndiva. Shamba linakaa linangoja kijito."

Mzee, ambaye ni wa Chome na amezoa tope la ndiva maisha yake yote, akaafiki kwa kichwa taratibu. "Kumbe."

"Na diski za laptopu ni za polepole pia," Yahaya akaongeza, bila kucheka tena. "Dada huyu yuko sahihi. Nyingine zinayo kache. Hiyo haina."

Ilikuwa saa yangu. Nilisubiri furaha ifike. Doris alikuwa anafuta kijitabu kwa kanga, akisema, "Maskini, na mimi nakufanya kisahani." Halafu akakaa kwenye mashine yake isiyo na ndiva, akachapa barua ya kurasa mbili, mimi nikiwa bado katika ya kwanza.

4 Aprili. Pasaka

Mwalimu Asheri amempa Doris ubeti wa peke yake. Aliimba kwa mwendo wake. Watu wamelia. Mimi pia, kwa sababu nyingine.

8 Aprili

Mvua sasa inashuka hadi mjini. Umeme unakatika karibu kila alasiri. Kompyuta yangu inazimika, nakaa giza nikisikiliza vidole vya Doris vikiendelea kwa betri.

12 Aprili

Kazi kubwa imefika: mitihani ya nusu muhula ya shule moja ya sekondari, masomo yote. Mwalimu Ernesta, anayesimamia taaluma pale, ataichukua Alhamisi asubuhi. Mzee amesema wazi: yeye ametosheka kuhusu mashine, atanunua za mezani zenye kache. Kilichobaki ni mtu. "Nitawatazama wiki hii," akasema.

Nimefanya jambo ambalo sijui kama ni la akili. Nilimwendea Doris nikamwambia tubadilishane.

"Nini?"

"Kompyuta. Wewe tumia yangu, mimi nitumie laptopu, mpaka mitihani iishe."

"Da Nakunda, unaumwa? Yako si ndiyo yenye kasi? Umetuhubiria hapa hadi mzee akaota ndiva."

"Nataka kuona."

"Kuona nini?"

Nataka kuona umbali wote. Sasa hivi ananizidi akiwa amefungwa jiwe mguuni. Nataka kujua bila jiwe ananizidi kwa kiasi gani, nijue, niache kukisia. Kukisia kunanila.

Alikubali. Anakubali kila kitu. Amehamisha kikombe chake.

13 Aprili

Kwenye mashine yangu anaruka. Mimi kwenye yake ninajikokota, na mkono wangu bado unakwenda pembeni kusevu kila aya ingawa betri ipo. Mkono wake hauendi kabisa. Nimeutazama siku nzima. Hauendi.

14 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi kulikuwa na jua kali, lile la kabla ya mvua. Doris alianza Jiografia ya kidato cha pili, akaimaliza, akaunganisha Historia katika faili lile lile, akaingia Uraia. Anachapa huku anazungumza na watu. Mimi nilikuwa na Hisabati, alama nyingi, naenda taratibu. Programu tunayotumia ni ya zamani, haijihifadhi yenyewe. Mimi najua hilo kwa sababu mwaka jana ilinimezea barua za watu mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu umejifunza peke yake. Doris miezi yote miwili hii amekaa kwenye betri. Kabla ya hapo alikuwa kwenye taipureta.

Nililijua hilo asubuhi. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli: niliutazama mkono wake nikawaza, mwambie. Nikawaza tena, amesoma uhazili, anajua. Nikawaza, atasema namwonea gere. Nikarudi kwenye Hisabati.

Wingu lilitokea upande wa mlima Shengena, jeusi, likaja chini haraka. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akaanza kutuondolea karatasi dirishani. Radi ya kwanza ilikuwa mbali. Nikamtazama Doris. Alikuwa anacheka na mteja.

"Doris," nikasema.

"Bee?"

Na hapo umeme ukakatika.

Hakushtuka. Alikaa vidole vikiwa juu ya vitufe, anangoja, kama alivyozoea, kioo chake kiendelee. Kikabaki cheusi. Niliona uso wake ukielewa polepole. Laptopu mbele yangu ilikuwa inawaka, mwanga wake wote usoni kwangu, na alinitazama katika mwanga ule.

"Itarudi na kazi yangu?" akauliza. "Umeme ukirudi, itarudi?"

"Ulisevu?"

"Kusevu nilikuwa nisevu mwisho."

Mvua ikapiga bati, hatukusikiana tena. Alikuja hadi kwenye meza yangu, akapiga magoti kana kwamba kazi yake imeangukia sakafuni kwangu. Analia bila sauti, kwa mabega. Ndani yangu kuna kitu kiliruka juu. Sitakipa jina zuri. Kilikuwa furaha. Kilisema: kumbe hivyo! Haikuwa vidole. Nilikuwa nachelewa kwa sababu nasimama kusevu, yeye alikuwa anatangulia kwa sababu hasimami kamwe. Sote wawili tumefundishwa na mashine, mimi na ya mezani inayokufa, yeye na ya betri isiyokufa. Hanizidi. Hajawahi kunizidi!

Nilifikiri hayo mkono wangu ukiwa juu ya kichwa chake, nikimbembeleza.

Mzee aliingia mvua ilipopungua, amelowa hadi soksi. Doris alimwambia mwenyewe, hakumtaja mtu yeyote.

"Mwanangu," mzee akasema, "hii ni mitihani. Mwalimu Ernesta anakuja kesho. Kadi ya harusi ikipotea watu wanacheka. Mtihani ukipotea, shule inahama ofisi." Halafu akanigeukia, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo chumba kizima kiliisikia: "Nakunda, jiandae na Mwanga."

15 Aprili

Tulianza alfajiri umeme uliporudi. Hisabati yangu ilikuwa tayari, kwa hiyo nilikaa pembeni ya Doris kwenye mashine yangu, namsomea maswali ya Jiografia, na kila mwisho wa aya namwambia, "Sevu." Anasevu. Mashine inasita, diski inakoroma, anaendelea.

Mashine ile ile. Desturi ile ile. Kipimo hatimaye kilikuwa safi, hakuna beti za Maore wala za Mbaga.

Ananizidi.

Si kidogo. Kwa Uraia sikuwahi kumsomea upesi wa kutosha. Alikuwa anangoja mdomo wangu. Mwalimu Ernesta alipofika tulikuwa tunafunga bahasha ya mwisho.

"Shikamoo mwalimu," Doris akasema, sauti imekauka.

"Marahaba. Mbona macho mekundu, kuna msiba?"

"Ulikuwapo," Doris akajibu. "Umezikwa."

17 Aprili. Nyumbani

Mama alikwisha kusikia habari za Mwanga kabla sijafika. Mtu wa gari la Mbaga alimwambia. Amechinja kuku. Baba ameteremsha sanduku la bati alilokuwa akisafiria enzi za mkonge, analipaka rangi upya, ameinama vibaya na mgongo wake. Nilimwambia aache.

"Msimamizi hawezi kusafiri na mfuko wa rambo," akasema.

Sikula vizuri. Mama anadhani nimepata mchumba.

19 Aprili

Doris amenirudishia kompyuta yangu, ameifuta hadi vitufe. Sasa anasevu hata katika laptopu. Ameniambia kwamba alipofika hapa aliniogopa, kwamba mzee humpa yeye kadi za harusi na mimi hunipa malalamiko ya kesi, na kila usiku alikuwa anaomba asipewe kazi ambayo mimi nimeigusa kabla yake. Alisema kama utani. Sikumwambia lolote langu.

24 Aprili. Jumamosi

Mvua imekwisha, au imepumzika. Naandika mchana, mlangoni kwa shangazi.

Jumanne asubuhi nilimkuta mzee peke yake anafunga kamba za viatu. Nilisema kabla ya salamu kwisha.

"Mzee, Mwanga mpeleke Doris."

"Nimekupa mahali, na wewe unanirudishia?"

"Uliniomba kipimo. Nimekipima. Anachapa haraka kuliko mimi katika mashine yoyote, akisevu na asiposevu. Na watu wanampenda, wanarudi. Siku ile ilizimika mashine, hakuzimika yeye."

"Na kosa la mitihani?"

"Hatalirudia. Muulize mtu yeyote anayemwona sasa mkono wake unavyokwenda."

Akakaza fundo la kiatu. "Nyumbani wanajua?"

"Watajua."

Wamejua. Mama amenitumia neno kwa mtu wa gari: kwamba sahani yangu nimempa mwenzangu, nisije kulia njaa kwake. Baba hajatuma neno. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Watu wa kwaya wanasema nina roho nzuri. Hawajui. Kama ningekwenda Mwanga kwa ajili ya radi moja, ningekaa kule miaka yote, nimefunga mlango wangu kwa kufuli langu, nikijua jibu. Wivu wangu ni wa kiburi; hautaki kushinda kwa umeme kukatika. Doris alipoambiwa alinikumbatia mbele ya wateja, akaniuliza, "Da Nakunda, utanikumbuka lakini?" Nikamwambia nitapata usingizi. Alicheka sana. Nilikuwa nasema kweli.

Kitu kimoja nilimwomba mzee kwa ajili yangu, naye akakubali: kompyuta za Mwanga nichague mimi. Alhamisi nimekwenda Moshi kwa Yahaya. Niliziwasha moja moja, nikasoma kila mstari kwenye kioo, nikafungua makasha, nikazishindanisha mbilimbili. Mbili zenye vibandiko vizuri nilizikataa na Yahaya akanuna. Sita zimefungwa kamba, zinapanda gari Jumatatu kwenda Mwanga, kwa Doris. Ni nzuri. Zote zina kasi kuliko yangu.